Ukungu wa Ndani

Mwalimu wetu wa jiografia alitupa kazi ya likizo: kila siku, asubuhi na jioni, tuandike hali ya hewa ya kwetu. Mvua, upepo, mawingu, ukungu. Nilifurahi ingawa sikuonyesha, maana mimi ni mtu wa kusema kidogo, na kazi isiyotaka kusema ndiyo kazi yangu. Nikachukua daftari jipya, nikachora safu kwa rula, nikaliweka juu kabisa ndani ya sanduku langu la bati.

Sasa shule imefunguliwa, nimerudi bwenini, na daftari lile mwalimu amelisahihisha na kunirudishia. Juu ya safu ya mwisho ameweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, kwa sababu safu ile haikuwa kwenye kazi aliyotupa. Nilishindwa kumweleza kwa mdomo. Naieleza hapa. Nyumbani tunasema Kimeru, na karibu yote niliyoyasikia likizo hii niliyasikia kwa Kimeru, lakini Kimeru nikikiandika kinanitazama usoni kama mtu mzima. Kiswahili kinaniacha niseme.

Nilishuka kwenye basi pale Maji ya Chai alasiri moja ya mwezi wa sita. Kule kwetu mwezi wa sita jua ni mgeni. Nilipanda njia ya mlimani na sanduku kichwani, na kadiri nilivyopanda ndivyo ukungu ulivyozidi kushuka, mpaka tukakutana katikati, penye migomba. Humo ndani sauti zinafika bila watu wake. Nilisikia jembe likigonga jiwe, sikumwona anayelima. Nilisikia mtoto akicheka mbele yangu, halafu nyuma yangu.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa amefariki wakati wa masika, nami niko shuleni. Barua ilinifikia wameshamzika shambani, nyuma ya nyumba yake. Kwa hiyo nilipofika kwenye ua wetu uliopandwa masale, nikasikia kutoka ndani ya nyumba yake ya nyasi jinsi Bibi anavyopumua, nilisimama.

Sisemi nilisikia mtu anapumua. Nilimsikia Bibi. Likizo ya Krismasi nilikaa naye siku nyingi akiwa mgonjwa wa kifua, na pumzi yake naijua kama ninavyojua nyayo za Baba. Alikuwa anavuta fupi, kama mtu aliyeshtuliwa. Halafu anatoa, ndefu, ndefu, na mwishoni kabisa filimbi ndogo. Halafu kimya ambacho huwezi kuacha kukihesabu. Ndiyo hiyo niliyoisikia, na filimbi yake.

Nilisukuma mlango. Ndani moto ulikuwa unawaka bila ulimi, moshi mtupu, na mbuzi watatu waliofungwa upande wao wa nyumba waligeuza vichwa pamoja. Kitandani kwa Bibi alikuwa amekaa mtu mdogo. Mikono miwili ameikaza magotini, mabega yamepanda mpaka masikioni, kidevu kimeelekea mbele, na mgongoni amefunikwa ngozi ya kondoo ya Bibi. Ule ndio ukaaji wa Bibi siku zake za mwisho, hata kidole gumba kilivyogeukia nje.

Nikamwamkia shikamoo. Mdomo ulitangulia kabla akili haijafika. Yeye hakuitikia. Aliniangalia tu, akavuta fupi, akatoa ndefu. Alikuwa mdogo wangu, hajatimiza miaka mitano.

Lazima nieleze jina. Mdogo wangu alipewa jina la Bibi, kama ilivyo kwetu, na anayebeba jina la mtu hubeba na heshima yake. Baba tangu mwanzo anamwita Mama. Mama anamtania, anamwita mama mkwe. Mimi nilikuwa namwita Bibi mdogo, naye wa kweli Bibi mkubwa, na wote wawili walikuwa wanaitika pamoja kwa makusudi ili tucheke. Alipoacha ziwa alihamia nyumba ya nyasi kulala na mwenye jina lake. Alikohoa tangu hapo, lakini nani anaishi kwenye moshi asikohoe? Bibi mkubwa alipokufa, Mama akamleta mtoto kwenye nyumba yetu ya bati, na wiki mbili hivi alikuwa anakimbiakimbia kama ndama.

Shangazi ndiye aliyehamia kule kwa Bibi. Ni dada mkubwa wa Baba, mjane, na kwetu neno lake likishuka halirudi juu. Siku moja ya mvua alipanda darini akateremsha ile ngozi ya kondoo, iliyokuwa imekunjwa kule tangu mazishi. Akasema jina ni la mtoto, basi na ngozi ni ya mtoto. Akamfunika nayo. Kabla jua halijazama, kifua cha mdogo wangu kikafunga, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi watu wa nyumbani wakasikia Bibi anapumua.

Mama alinisimulia haya tukimenya ndizi, bila kuniangalia. Akasema tangu siku ile hali inakuja na kuondoka. Ikija, Shangazi humchukua mtoto, humweka kitandani kwa Bibi, humfunika ngozi, hufunga mlango baridi isiingie, huchochea moto. Anasema Bibi aliondoka kabla hajaagana na mwenzake, sasa anamtafuta, na akihisi ngozi yake atatulia. Mama alikuwa ameshamwita mzee wa kanisa akaja kuomba. Shangazi naye akasema amina, kisha akafunga mlango.

"Mara ya mwisho alikata pumzi kabisa," Mama akasema. "Nilihesabu mpaka saba."

Nikamuuliza Baba anasemaje. Akasema Baba haingii kule. Anasimama nje, akisikia anaondoka kwenda kwenye kahawa, na anapalilia palipokwisha kupaliliwa.

Ndiyo hali niliyoikuta. Mtoto alikuwa anaisha. Shingoni, juu ya mfupa, kila akivuta palibonyea shimo linaloweza kubeba punje ya kahawa. Na kila mmoja nyumbani alijua kwamba siku moja Mama atahesabu mpaka saba na kuendelea.

Mimi nikafungua daftari, nikaandika. Naunakili ukurasa wa kwanza kama ulivyo:

Jumatatu. Ukungu mpaka saa tano. Mlima hauonekani.
Jumanne. Ukungu kutwa. Manyunyu.
Jumatano. Ukungu asubuhi. Mchana mawingu.

Jumatano hiyo jioni nikaongeza safu ya tano, nikaandika juu yake herufi moja, B. Jumatatu, alama. Jumanne, alama mbili, kwa sababu ilikuja mara mbili. Jumatano, alama. Nilipoziangalia niliweka penseli chini, kwa sababu zilikaa sawasawa na ukungu. Mlima ukijifunika, naye anafungwa. Nikaanza kuuogopa ukungu. Nilikuwa nautazama asubuhi unavyoshuka msituni, unapita juu ya kaburi, unasimama penye migomba kama unaosikiliza, halafu unakuja uani. Na kweli, ukishafika uani, hazikupita saa mbili kabla ya kusikia ile filimbi.

Shangazi alinikuta nimesimama na penseli.

"Unaandika nini?"

Nikamwambia naandika ukungu.

Alicheka mpaka akashika mlango. Akawaambia majirani waliokuwa wanapita kwamba ndugu yake anamsomesha msichana hadi darasa la tisa ili aandike ukungu. Kesho ataandika upepo, keshokutwa atatuambia kinyesi cha ng'ombe cha jana kilikuwa darasa la ngapi. Wakacheka wote, na mimi nikacheka kidogo, kwa aibu. Kuanzia hapo nikaitwa karani wa ukungu.

Lakini karani akiandika kila siku huanza kuona. Siku moja ulishuka ukungu mzito kuliko wote, hata mkono wako ulikuwa unauona kwa kuukumbuka. Mama alikuwa anakwenda Kikatiti kwa dada yake, akaamua kumbeba mtoto mgongoni kwa kuogopa kumwacha. Nilibaki nikiusubiri ukungu ufanye kazi yake. Waliporudi jioni mtoto anatembea mwenyewe, ananyonya muwa, na Mama akasema hata kukohoa hakukohoa. Niliandika: Ukungu kutwa. Safu ya B nikaiacha tupu, na nafasi ile tupu ilinisumbua kuliko alama.

Nikafikiri labda Bibi hajui njia ya Kikatiti. Nasema kweli, ndivyo nilivyofikiri, na mimi nimesoma mfumo wa upumuaji na kuuchora.

Halafu ikaja ile siku ya jua. Nilipotoka asubuhi mlima ulikuwa wazi wote, toka msitu mpaka mawe ya juu, karibu mno, kama umesogea jana. Hakuna hata kipande cha ukungu. Niliandika hivyo, Hakuna ukungu, na nikapiga mstari chini yake kwa furaha, nikijua leo mtoto atapona.

Siku hiyo alasiri wazee wa ukoo walikuwa wanakuja. Shangazi alikuwa amewaita wakubaliane kwamba mtoto arudi kuishi moja kwa moja nyumba ya nyasi, akae mahali pa Bibi, kitanda chake na ngozi yake, labda ndipo Bibi mwenyewe atatulia. Kwa ajili ya wazee akasafisha. Alitoa ngozi ile nje, akaitundika juani kwenye kamba, akaipiga kwa fimbo. Ilitoka vumbi la kijivu, ikabaki hewani, haikuanguka. Mdogo wangu alisimama chini yake anahesabu mapigo, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kuhesabu mpaka kumi. Alifika kumi akaanza tena moja. Mara ya tatu aliishia nne.

Nilikuwa nafagia. Nilisikia "nne", halafu nikamsikia Bibi.

Jua kali, mlima wazi, kuku wanachakura, na ile pumzi katikati ya uwanja mchana kweupe. Fagio lilinitoka mkononi. Mimi niliyekuwa najua ni ukungu, sasa sikuwa na chochote cha kukilaumu isipokuwa yeye mwenyewe Bibi, na nikaangalia kule nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na jani moja tu lilikuwa linatikisika, na mengine yametulia.

Wakamwingiza ndani. Wazee walipofika walimkuta tayari kitandani, ngozi begani, moto umechochewa kwa magunzi mabichi. Waliingia wote, wakaketi kuzunguka, mlango ukafungwa. Mimi nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, pale pale nilipokaa likizo ya Krismasi. Baba, kama kawaida yake, alibaki nje. Tulisikia anatembea huku na huku.

Wakaanza kuzungumza naye. Si na mtoto. Walisema kwa sauti ya heshima kwamba nyumba ni yake, mashamba yapo, mwanawe yupo, asimsumbue mwenzake. Mdogo wangu alikuwa hawaangalii. Kila alipovuta, shimo la shingoni lilizama. Filimbi ilianza kupungua, nami nikadhani ni nafuu, kumbe hewa yenyewe ndiyo ilikuwa inapungua. Kisha akainua kichwa akasema, kwa sauti nzito yenye mchanga, isiyo ya kwake, neno kwa neno:

"Fungueni mlango."

Hakuna aliyetikisika. Hata mbuzi waliacha kutafuna. Kila mtu mle ndani, isipokuwa mimi niliyekuwa shuleni, alikuwepo Bibi alipokufa, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilikuwa nimeambiwa mara nyingi.

"Mmesikia?" Shangazi akasema polepole. Akamgeukia mtoto kwa adabu. "Tumesikia, Mama."

Mzee mmoja, mjomba wake Baba, akainua fimbo akagonga ukuta kumwita Baba aliyekuwa nje. Akamwambia afungue lango la ua, aondoe magogo yote, njia ya mama yake iwe wazi. Tukamsikia Baba anakimbia. Tukasikia magogo yanaanguka moja moja. Halafu sauti yake, mtu mzima, baba yangu, ikitetemeka huko nje:

"Nimefungua, Mama. Pita."

Na ndani tumefunga mlango, tumeketi kwenye moshi.

Mtoto akatikisa kichwa. Hakuwa na pumzi ya maneno mawili. Akasema, "Mlango." Akanitazama mimi.

Nilishasema kwamba nilikaa na Bibi likizo ya Krismasi. Sikusema kitu kimoja, na sijamwambia mtu. Bibi alikuwa ananiomba. Kila jioni, moto ukishachochewa, alikuwa ananiambia, "Mjukuu wangu, fungua mlango." Mimi nilikuwa namwangalia Shangazi, aliyekuwa anakuja kumuuguza, naye anasema baridi itamuua, nami ninabaki kwenye kigoda. Mlango ulikuwa mkono mmoja kutoka kwangu. Bibi hakukasirika. Aliendelea kuniangalia tu, kama vile naelekea kusimama. Sikusimama hata siku moja. Niliona haya.

Sasa macho yale yale yalikuwa yananiangalia kutoka kwenye uso mdogo, na nikaelewa kitu ambacho hakikuwa cha wafu wala cha walio hai. Hakuna aliyekuwa anaomba njia ya kwenda popote. Mtu alikuwa anaomba hewa.

Nilisimama. Sikumbuki kuamua. Nikafungua mlango mpaka ukagonga ukuta, jua likaingia na kuuonyesha moshi wote ulivyokaa, mzito kama maji. Nikamvua ngozi ikaanguka chini, nikambeba nikatoka naye. Nyuma yangu wazee walikuwa wanasema kwa pamoja, sikusikia nini. Nilikaa naye juu ya jiwe la kunolea panga, mgongo wake kwenye kifua changu, wima. Kucha zake zilikuwa rangi ya zambarau. Baba alikuja. Aliziona kucha. Kwa muda mrefu alikuwa hajamwona mtoto huyu akiwa katika hali ile, alikuwa anamsikia tu.

"Huyu si Mama," akasema. "Huyu ni mtoto wangu."

Akamchukua akaanza kuteremka, karibu kukimbia. Mama na mimi tukamfuata, na nyuma kabisa Shangazi, ngozi ameikunja kwapani.

Zahanati ya misheni iko chini, chumba kimoja, ukutani picha ya Malkia na kalenda. Dresa, yule anayetibu pale, ni Mpare, mtu wa makamo, mkali kwa wanaochelewa. Alimwangalia mtoto mara moja, hakuuliza kitu, akachemsha sindano na kumdunga begani. Tukangoja. Mikono ya mdogo wangu ikaanza kutetemeka, moyo wake niliuona ukipiga kwenye nguo, halafu filimbi ikarudi, kubwa, nikaogopa, lakini dresa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema kelele ni nzuri, kimya ndicho kibaya. Polepole mabega yakashuka. Akaomba maji.

"Hii ni pumu," akasema dresa. "Huwa inamjia lini?"

Mama akasema baridi. Shangazi Kiswahili chake ni cha sokoni tu, akanipiga kiwiko nimfasirie. Badala ya kufasiri nilitoa daftari kwenye mkunjo wa kanga nikampa dresa, maana kulishika ni rahisi kuliko kusema. Akalisoma lote, akilamba kidole kila akifungua ukurasa. Aliuliza B ni nini, nikamwonyesha mtoto.

"Ukungu, ukungu, ukungu," akasoma. "Siku za ukungu mtoto mnamweka wapi?"

Nikasema ndani kwa Bibi, penye moto. Akauliza hii ya ukungu isiyo na alama je. Nikasema alikwenda Kikatiti, alikuwa nje kutwa. Kisha akaweka kidole kwenye siku hiyo hiyo ya jua, penye mstari wangu wa furaha.

"Leo umeandika hakuna ukungu. Na leo ndiyo karibu afe. Leo asubuhi alikuwa karibu na nini?"

Nikasema ngozi. Ngozi gani, akauliza, na kabla sijajibu Shangazi, aliyelitambua neno hilo, akaikunjua mezani kwa fahari ili aone ilivyo nzuri. Harufu ya masika ikatoka. Upande wa ndani na chini ya manyoya palikuwa na madoa, meusi na ya kijani na mengine meupe kama unga. Mdogo wangu akakohoa papo hapo. Dresa akaichukua kwa vidole viwili akaitupa nje ya mlango. Alipiga chafya yeye mwenyewe.

"Imeota ukungu," akasema. Akanirudishia daftari. "Karani, ukungu ulikuwepo. Wewe uliuandika wa nje tu."

Sijui alijuaje kuniita karani.

Ilinipasa kumfasiria Shangazi. Kwa lugha yetu sikupata neno moja la kubeba ule wa mlimani na ule wa kwenye ngozi, ikabidi niseme mawili, na niliposema la pili aliangalia mikono yake. Dresa aliendelea, nami nikiendelea kufasiri, sauti ikinitoka zaidi kuliko siku zote za maisha yangu. Alisema kila kifua kina ugomvi wake. Kimoja kinagombana na moshi, kingine na manyoya ya mbuzi, kingine na ukungu wa vitu vilivyolala na unyevu, na hiki cha mtoto huenda kinagombana na vyote. Pumu haitaki kusuluhishwa, inataka tu vile inavyogombana navyo viwekwe mbali. Niendelee kuandika, lakini sasa niandike ndani: amelala wapi, amekula wapi, nani kafagia, nini kimechomwa. Na kikimfunga, akalishwe wima, nje, mlango wazi, na aletwe kabla kelele haijanyamaza.

Shangazi aliiokota ngozi akaibeba mbali na mtoto njia nzima. Kwenye daraja aliniuliza, peke yangu, kama na Bibi alikuwa hivyo. Nikasema sijui. Akaniuliza tena kama ngozi ile Bibi alikuwa analalia. Nikasema ndiyo. Akatembea mbele.

Ngozi ya marehemu kwetu haichomwi, hata Baba asingekubali. Kesho yake asubuhi Shangazi alichimba mwenyewe kando ya kaburi, akaikunja, akairudisha kwa mwenyewe. Ulikuwa umeshuka ukungu, tukamwona nusu tu, kiuno kwenda juu. Mdogo wangu alikuwa amesimama nami mbali, kwenye mlango wa nyumba ya bati, kitambaa mdomoni kwa ajili ya baridi.

"Sasa Bibi hasikii baridi," akasema.

Tuliendelea. Mbuzi walihamishiwa kibanda cha nje, na walilalamika; Shangazi akahamia kwetu nyumba ya bati. Jiko likatolewa nje ya nyumba, nikamjazia mdogo wangu godoro majani mapya ya migomba yaliyokauka juani, na kabla ya kufagia tunanyunyiza maji kwanza, naye anatolewa nje. Si kwamba pumu ilikwisha. Siku moja jirani alichoma mabua, moshi ukaja kwetu, kifua kikaimba mpaka jioni. Siku nyingine hakukuwa na sababu yoyote niliyoiona, nikaandika hivyo, Sijaona sababu. Shangazi ndiye sasa anayeniuliza kila jioni kama nimeandika, na akimwona mtu anaingia na mzigo wa manyoya anamfukuza kutoka langoni. Bado anasema Bibi alikuwa na lake. Simbishii.

Nilimuuliza mdogo wangu siku ile alijuaje kusema vile. Akasema Bibi alikuwa anasema hivyo kila siku, yeye amelala pembeni yake anasikia, na hakuna aliyekuwa anafungua.

Asubuhi niliyoondoka kurudi shule niliamka mapambazuko kufunga sanduku. Ukungu ulikuwa umejaa dirishani. Nikasikia. Fupi, kama mtu aliyeshtuliwa. Halafu ndefu. Halafu ile filimbi. Nilimwinamia mdogo wangu, nikaweka sikio kifuani kwake: alikuwa anapumua vizuri, kimya, kama maji kwenye mtungi. Nikasikiliza tena. Ilikuwa inatoka upande wa migomba.

Inawezekana ni upepo. Dresa angesema upepo. Niliandika kwenye daftari, Ukungu, upepo kidogo, na safu ya mwisho nikaiacha tupu, kwa sababu si ya mtoto. Kisha nikavuka uwanja hadi nyumba ya nyasi, ambayo sasa hakuna anayelala ndani yake, nikafungua mlango mpaka mwisho, nikausimamishia jiwe usijifunge.